Ukuta Unaokula Sombe

Kama Mungu angekuwa jirani wa kawaida, angekuwa amehama makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, zamani kwa sababu ya sauti ya Constance. Mimi ndiye jirani wake wa kawaida, nyumba zetu zimetenganishwa na mgomba mmoja, na mara nyingi nimefikiria kuhama. Mwanamke huyu akiomba, anaomba. Hanong'oni. Jogoo wangu alishakata tamaa, siku hizi anangoja Constance amalize ndipo awike.

Nampenda, niseme hivyo mapema, ili nikianza kumsema mjue ninamsema kama dada. Tulikimbia pamoja kutoka milima ya juu ya Uvira, kule Kongo, tukapewa viwanja vilivyopakana, na nilipofiwa na mume wangu ni yeye aliyelala kwangu mpaka nikaweza kulala peke yangu. Lakini mimi Bernardine sina subira. Nikibandika maharage, nafunua sufuria kila dakika kuona kama yameiva. Constance anafunika sufuria na kwenda shambani. Ndivyo anavyoomba pia.

Alichoomba kilijulikana na mtaa mzima: Yvette arudi nyumbani.

Yvette ni binti yake wa kwanza. Alikuwa akiuza maharage pamoja na mama yake katika soko la Rugaaga, na huko ndiko alikokutana na kijana wa Endiinzi anayeitwa Twinomujuni, mtoto wa wafugaji, mpole, mwenye meno mazuri. Hayo yote yangesameheka. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa askari wa jeshi, soda kama tunavyosema kwetu.

Sasa mjue kuhusu Nestor, mume wa Constance. Kule kwetu watu wenye sare waliingia kijijini asubuhi moja, wa kundi gani hakuna aliyebaki kuwauliza, na kaka yake Nestor hakutoka ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo Nestor akiona sare, hata ya mlinzi wa duka, miguu yake inakuwa maji. Ni mwanaume mwenye kifua, analima kuliko vijana, lakini nimemwona kwa macho yangu pale sokoni Kaberebere akijikunja nyuma ya magunia ya mahindi kwa sababu gari la jeshi lilikuwa linapita. Sikumcheka. Kila mmoja wetu ana kitu kama hicho, ni mahali kilipojificha tu panapotofautiana.

Kwa hiyo Yvette alipomletea habari ya askari wake, Nestor alisimama mlangoni, akashika mwimo, akasema mbele yetu sote:

"Enda kwa ule soda wako. Lakini siku utavuka hii mulango tena, ukute nimekufa."

Yvette alilia, akaenda. Simu yake ikazimwa. Nestor akatuagiza tusimwite tena Papa Yvette, tumwite Papa Pacifique, jina la mtoto wake wa pili. Basi nyumba moja ikawa na Mama Yvette na Papa Pacifique, kama watu wawili waliopangishwa chumba kimoja kwa bahati mbaya. Jina la binti halikutajwa humo ndani. Lilitajwa kwa Mungu peke yake, nje, alfajiri, kwa sauti ya kuamsha ng'ombe wa Endiinzi.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nilichoka kabla ya watu wote. Siku moja tukipalilia, nikamuuliza:

"Mama Yvette, wee unaomba, unaomba. Mungu alishakujibu nini?"

Hakuinua hata kichwa. "Alinijibu niendelee."

"Hilo ni jibu?"

"Kama haikuwa jibu, ningekuwa nilishaacha."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Moyoni niliona kwamba Mungu anahitaji kusaidiwa kidogo. Na msaada ulikuwepo. Sisi wamama wa chumba cha maombi tuna desturi yetu, tunaiita kuzunguka Yeriko. Penye jambo gumu, tunavaa vitambaa vyeupe kichwani, tunalizunguka mara saba tukiimba, kama wana wa Israeli walivyouzunguka mji ule mpaka kuta zikaanguka. Tumezunguka mashamba yenye viwavi. Tumezunguka nyumba ya mlevi mmoja mpaka akatoka kutuomba radhi, ingawa wengine wanasema alitaka tu kulala.

Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja aliporudi kutoka mjini Mbarara na kusema amemwona Yvette sokoni, kwamba anakaa na mumewe ndani ya kambi ya jeshi, mimi ndiye niliyesimama katika chumba cha maombi na kusema:

"Bamama, Yeriko tulikuwa tunatafuta, njo ile. Iko na ukuta, iko na mulango, iko na basoda. Twende tuizunguke."

Walisema amina kwa nguvu sana. Constance akaenda kufua kitambaa chake. Nestor aliambiwa tunakwenda Mbarara kwa mkutano wa maombi, na huo haukuwa uongo.

Sijui tulikuwa tunafikiri nini. Watu wengine wote wa dunia hii wangeona jambo lililo wazi: kwamba huwezi kuchukua wakimbizi wa Kongo, ukawavisha vitambaa vinavyofanana, ukawapeleka kuzunguka kambi ya jeshi huku wanaimba. Sisi hatukuliona. Tulishuka kwenye gari, tukajipanga mstari kando ya uzio, Constance mbele, mimi nyuma yake, tukaanza. Tuliimba vizuri pia. Hatukufika hata kona ya kwanza.

"Simama! Nyinyi wote, simama hapo hapo!"

Askari mmoja mnene alikuja mbio, bunduki begani, na wimbo ukatufia mdomoni. Niwaambie ukweli, niliogopa mpaka nikasikia ladha ya chuma kwenye ulimi. Wote tuliogopa. Mama mmoja nyuma yangu alikaa chini kabisa kwenye majani, akaanza kulia. Miaka yote ile, na mtu mmoja tu aliyevaa sare akaturudisha kule milimani.

"Nyinyi natafuta nini kwa fensi?" akauliza. Kwenye shati lake palishonwa jina, Swaibu.

Kisha nikamwona Constance anatoka kwenye mstari, anamsogelea.

"Afande, utusamehe. Tuko naomba Mungu."

Swaibu alitutazama, akatazama uzio, akatutazama tena. "Mungu iko kanisa, nyabo. Hapa iko kambi. Hapana zunguka kambi."

"Mutoto wangu iko mu ndani."

"Mtoto yako nani?"

"Yvette. Ni Mukongomani. Bwana yake ni Twinomujuni."

"Eh! Twinomujuni hapa iko mingi, kama mawe." Halafu akakuna shavu. "Ngoja. Mukongo? Ile mama nasali asubuhi, napiga kelele mpaka sisi wote naamka? Napigia Mungu kelele kama yeye iko mbali?"

Constance akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Ndiyo huyo," akasema kwa shida. "Ni huyo. Ni wangu."

Swaibu alicheka, na alipocheka akawa mtu tu, baba wa watoto. Alituweka kivulini karibu na lango, akamwambia mama mmoja wa kambi aliyekuwa anauza chapati atupe maji, akatuma mtu kwenye nyumba za familia za askari. Tukakaa, vitambaa vyetu vyeupe vimekaa upande, tumetulia kama wanafunzi waliochelewa.

Yvette alipotoka, kilichotangulia kuonekana ni tumbo. Mimba ilikuwa kubwa, ya mwisho mwisho. Constance alimkimbilia, na sitasimulia walivyoshikana, kwa sababu na mimi nililia na sikuona vizuri.

Walipotulia, mama akasema alichokuja kusema. "Twende kwetu, mama. Ata siku mbili tu. Uzalie kwetu."

Yvette akatingisha kichwa.

"Bwana yako anakukataza?"

"Hapana. Twino ananiambiaka kila siku niende, anisindikize ata ye mwenyewe."

Hapo ikabidi niingilie, moto ulikuwa umeshanipanda. "Basi ni kiburi! Mama yako alimaliza sauti juu yako, na wewe uko hapa unakula matoke!"

Yvette hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mzee.

"Mama Gradi," akasema, maana ndivyo ninavyoitwa kwa jina la mwanangu, "Papa alisema siku nitavuka ile mulango, nikute amekufa. Alisema mbele ya batu. Kama nikivuka, si nitakuwa nimemuua? Nilizima simu juu nikisikia sauti yenu miguu itanipeleka. Ninamupenda Papa. Njo sababu sitakuja."

Mtasema huo ni ushirikina, na mchungaji wetu angesema hivyo pia. Lakini kwetu neno la baba si mate ya kutema chini ukapita. Linakaa. Hakuna anayeweza kuliondoa isipokuwa yule aliyelisema, na wanaume wa kwetu wakishasema mbele ya watu, wangependa kufa kuliko kurudi nyuma. Nikaelewa yote kwa mara moja, na moyo ukaniuma mpaka nikainama. Nyumbani Nestor alikuwa anakaa mezani akila sombe ya mke wake, yaani kisamvu, akijiambia kwamba binti amemsahau. Na huku binti alikuwa anamlinda asife.

Tukapanda gari la kurudi. Tulipofika Kaberebere Constance hakununua hata ndizi. Nilijaribu kumfariji kwa njia yangu, yaani vibaya.

"Sasa umeona? Uliomba arudi, na Mungu amesema hapana."

"Hapana si kwa mutoto," akasema polepole. "Ni mimi nilikuwa naomba kwa ukuta ya bure. Ukuta haiko Mbarara, Mama Gradi. Iko kwangu. Iko nakula sombe yangu kila siku."

Kesho yake alfajiri alitoka nje akiwa na kitambaa chake cheupe, akaanza kuizunguka nyumba yake mwenyewe, Nestor akiwa ndani amelala.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua. Yako maneno ambayo huwezi kumwambia mume, hata ukiwa na haki. Lakini Mungu unaweza kumwambia lolote, na kama mume yuko karibu na ana masikio, hilo ni shauri lake.

"Mungu wangu," Constance alipaza sauti akipita dirishani, "nilikwenda kumuona mutoto! Iko na mimba kubwa! Anasema hatakuja, juu anaogopa baba yake atakufa! Anakaa mbali juu ya mapendo, Bwana! Na baba yake anafikiri alimusahau!"

Kisha sauti ya Nestor, nzito kwa usingizi na hasira: "Mama Yvette, uniache nilale!"

"Siko nasema na wewe. Niko nasema na Mungu."

"Basi umwambie mupole!"

Hakumwambia kwa upole. Alizunguka na kuzunguka, na asubuhi iliyofuata akazunguka tena. Nestor akafunika kichwa kwa blanketi. Akaenda shambani kabla ya chakula. Akaacha kuongea naye, akaacha kuongea na mimi, akampiga teke mbuzi asiye na hatia. Mvua ikanyesha, Constance akazunguka kwenye matope, ndala zikanasa, akaziacha, akaendelea pekupeku. Nilimtazama kutoka mlangoni kwangu nimejifunga kitenge, nikawaza kwamba hata wana wa Israeli walipewa ratiba, walijua siku ya mwisho ni ipi. Huyu hakupewa chochote. Nilimuonea huruma mpaka nikamuonea hasira.

"Acha kidogo," nikamwambia. "Utaugua. Mungu si kiziwi."

"Najua si kiziwi," akasema, akakamua maji kwenye sketi yake. "Kama angekuwa kiziwi, ningemuita?"

Niliingia ndani, nikachukua kitambaa changu, nikatoka kuzunguka naye. Sikufanya hivyo kwa imani, afadhali mjue. Nilifanya kwa sababu sikuweza kumwacha dada yangu alowe peke yake.

Tukapita dirishani, mvua inatupiga, na safari hii hakupaza sauti. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mungu, huyu mwanaume ni muzuri. Unamujua. Umusaidie, juu hajui atapita wapi."

Ndani ya nyumba kitanda kililia. Mtu alikuwa ameinuka kukaa.

Siku iliyofuata mvua ilikatika, na mimi niliamshwa na kishindo. Kishindo, kisha kingine, kisha sauti ya udongo unaomiminika. Nyumba zetu ni za matofali mabichi, mvua ikizidi huanguka, na watu hufa humo. Niliruka nje na kanga begani nikipiga yowe:

"Papa Yvette! Papa Yvette! Nyumba imeanguka!"

"Niko hapa," akajibu.

Alijibu jina hilo. Wala hakugundua kwamba amejibu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa nyumba na sururu mkononi, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole, na mbele yake ukuta ulikuwa na tundu kubwa la kupitisha fahali. Constance alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa mkononi, mdomo wazi. Mara ya kwanza maishani nilimwona hana la kusema.

"Papa Yvette, uko nafanya nini?"

"Usiniulize. Uniletee maji ya kukandia udongo."

Kutwa nzima alifanya kazi. Alichokifanya tulikiona jioni kilipokwisha, na hakuruhusu maswali. Kisha akanawa, akavaa koti lake la kanisani, akakumbuka kwamba magari yalishakwenda, akalivua, akalala. Kulipokucha alikuwa wa kwanza barabarani, mimi na Constance nyuma yake.

Barabara yote alijisemea peke yake, midomo ikicheza. Tulipofika Mbarara na lango la kambi likaonekana, alisimama. Swaibu alikuwa zamu. Nestor aliitazama ile sare, na nikaona jasho linamtoka, miguu inaanza kukataa. Nilidhani ataanguka. Constance akamshika mkono, mchana kweupe, mbele za watu, jambo ambalo Nestor asingeliruhusu hata siku ya harusi yao. Hakuutoa. Walivuka barabara hivyo, kama watoto wawili wanaopelekana shule.

"Nyabo!" Swaibu akasema. "Nyinyi narudi kuzunguka?"

"Leo hatuzunguke," Constance akamjibu. "Leo tulimuleta baba yake."

Swaibu akamwangalia Nestor aliyekuwa anatetemeka, na sijui alielewa nini, lakini aliivua bunduki begani, akaiacha kwa mwenzake, akaja mikono mitupu kumsalimu. "Karibu, mzee. Wewe iko nyumbani." Mungu ambariki mtu yule na watoto wake.

Twinomujuni alitoka na mke wake. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, na alipofika mbele ya baba mkwe wake aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu sana, baba," akasema. Alikuwa anaogopa kuliko Nestor. Nestor alimtazama kama mtu anayetafuta kitu usoni mwake na hakipati.

"Wewe ni mutoto," akasema mwishowe, kwa mshangao. "Ni mutoto tu, huyu."

Yvette alikuwa amesimama nyuma, mikono juu ya tumbo, hakusogea.

"Papa, usinambie nije," akasema. "Ile neno ulisema..."

"Ile neno iko palepale," Nestor akamkata. "Mimi sirudishi neno."

Karibu nimrukie Nestor kwa kucha, naapa.

"Ile mulango, usiivuke," akaendelea, macho chini, akisema haraka kama mtoto anayetoa shairi alilokariri. "Niliiziba na matofali, haiko tena. Nilivunja ukuta upande ingine, nikafungua mulango mupya. Juu ya ile mupya sikusemaka kitu."

Ndani ya kambi watu walikuwa wanapiga filimbi ya gwaride. Yvette alimtazama baba yake, akatazama vumbi lililobaki kwenye nywele zake, na uso wake ukaanza kuvunjika, sijui kwa kicheko au kwa kilio.

"Hiyo mupya," akauliza, "inaangalia fasi gani?"

Nestor akainua mkono, akaonyesha chini, pale pale aliposimama binti yake.

"Huku," akasema. "Inaangalia huku."

Yvette akaja, akamwegemea begani na tumbo lake lote, na Nestor akamshika kichwa kwa mikono ile migumu, akaanza kumbariki yeye na mtoto, kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti kubwa iliyomshinda hata mke wake. Constance aliinua mikono juu, akaanza kuimba katikati ya lango la jeshi, na Swaibu hakumkataza.